Maswali yenu: mpera, mkole, mwanzi wa ulanzi na nyuta zilizokatika

Mwezi uliopita, kwenye habari ya kupunguza matawi ya mpera, nilisema kwa kupita tu kwamba tawi moja sikulichoma, nililichonga uta na sasa linarusha mshale mpaka ng'ambo ya shamba la mihogo. Basi meseji zimemiminika mpaka nimeshangaa, kumbe watu wengi wanachonga kimyakimya huko majumbani. Kwahiyo safari hii ukurasa mzima ni wa nyuta. Nimefupisha baadhi ya barua, mnisamehe.

Habari za kazi fundi. Mi niko Korogwe, naangalia sana video za Wamarekani wanachonga nyuta, wao kila siku ni mti wa Osage tu, Waingereza nao ni mti wa yew. Huku sijaona hata mmoja. Je niagize mbao nje au kuna mti wa hapa unafaa? Ni mimi, dereva wa bodaboda mpenda mishale.

Usiagize kaka. Hela hiyo weka mafuta kwenye pikipiki uende ukatafute kijiti.

Unajua hao Waingereza wenyewe yew yao ilikuwa haiwatoshi? Mwaka 1472 walitunga sheria kwamba kila meli ya biashara inayotia nanga kwao ilete miti minne ya kuchongea nyuta kwa kila tani ya mzigo, maana miti mizuri ilikuwa inatoka Ulaya bara huko milimani. Ile meli yao ya vita Mary Rose iliyozama 1545 na kuinuliwa 1982 ilikutwa na nyuta nzima zaidi ya 130, zote za yew, lakini huko Denmark kwenye tope la Holmegaard zimekutwa nyuta za miaka kama 9,000 na ni za mti mwingine kabisa, elm, kwa sababu ndo ulikuwepo pale. Mtu alichonga alichonacho. Na sisi hapa hatuhitaji kwenda Denmark, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanachonga mpaka leo kwa fito za porini, na Waata wa kule Tsavo, ambao wengine wanawaita Waliangulu, walikuwa na nyuta ambazo uzito wa kuvuta unapita pauni 100, yaani zaidi ya kilo 45 kwenye vidole vitatu. Hakuna aliyewatumia mbao kwa meli.

Uta unataka mambo mawili yanayopingana kwenye kijiti kimoja. Ukivuta, mgongo (ule upande unaoangalia unakolenga) unanyooshwa kama kamba, na tumbo, upande unaokuangalia wewe, linabanwa. Mti unaofaa ni ule ambao mgongo haukatiki na tumbo halikunjamani, alafu ukiachia unarudi haraka. Kipimo changu cha kwanza hakina sayansi, nauliza tu watu wa eneo hilo wanaweka mpini wa jembe na shoka wa mti gani na watoto wanakata manati kwenye mti gani. Mti unaovumilia mpini wa shoka miaka mitano umeshafaulu nusu ya mtihani.

Miti niliyoijaribu kwa mkono wangu: mkole ndo naupenda kuliko yote, unatoa fito ndefu zilizonyooka, unapinda bila kulalamika na gome lake lenyewe watu wanasokota kamba. Mpera ni mgumu kuukatisha, shida yake unajipindapinda, kwahiyo utakagua matawi 30 upate moja la kueleweka. Mkunazi ni mzito, mzuri, ila miiba itakutoa damu. Mkwaju una nyuzi zinazopishana kama mkeka, huwezi kuupasua kwa shoka ukafuata mstari, ila kijiti chembamba kizima cha mkwaju ni kitu cha kudumu. Mpingo achana nao, ni mzito mpaka unazama kwenye maji, ncha za uta zikiwa nzito mshale unatoka polepole, na pia ni mti wa kulindwa. Mkaratusi nao ukikauka unajisokota na kupasuka, ninayo mitatu imeegeshwa hapa na yote imepasuka kwa urefu, sikuwahi kupata mmoja mzima.

Ukipata mkole wa unene wa kifundo cha mkono, mrefu kukupita kidogo, bila macho ya matawi katikati, umeshapata Osage yako.

Niaje fundi. Niko Makueni. Nilinunua mbao ya mkangazi kwa duka ya mbao, nyororo kabisa, nikachonga wiki mbili nikafuata kila kitu venye wanasema, siku ya kwanza kuvuta ikalia tu tah! ikawa vipande viwili na kimoja kikanigonga kwa kidevu. Na babu yangu alikuwa na uta ya kijiti tu, ilikaa miaka na miaka. Nilikosea wapi?

Pole sana ndugu yangu, kidevu kitapona, ingekuwa jicho tungekuwa tunaongea mengine. Kuanzia leo uta mpya uuvute kwanza ukiwa umeuning'iniza ukutani na wewe umesimama mbali unavuta kwa kamba.

Kosa halikuwa la mikono yako. Msumeno wa kiwandani unakwenda mstari ulionyooka lakini mti haukui kwa rula, kwahiyo ubao unaonekana umenyooka wakati nyuzi ndani yake zinaanzia ubavu mmoja na kutokea juu ya mgongo. Pale zinapotokea ndo pamekatika. Chukua vile vipande ulivyobaki navyo uangalie, nina uhakika mpasuko umeenda mshazari, mrefu, kama ncha ya mkuki, si ndio? Basi huo mshazari ndo mwelekeo wa nyuzi zako. Ubao wa dukani unaweza kutoa uta, lakini inabidi ukague mbao 40 ili upate moja ambayo mistari yake inatoka kichwani mpaka mguuni bila kukimbilia pembeni, na muuza mbao atakuchoka.

Sasa babu. Hapa naomba nikae kidogo maana hili ndo jambo ninalolipigania kila siku na watu hawalisikii.

Wachongaji wa nchi za baridi wana kitu wanafanya, wanauparua mti mpaka wafike kwenye duara moja la mwaka na kulifuata hilohilo urefu wote, ili mgongo wa uta uwe ni nyuzi za mwaka mmoja zisizokatwa popote. Kwao inawezekana sababu kuna baridi kali, mti unalala, unaamka, unaacha alama wazi. Miti yetu mingi haina alama hiyo ya kueleweka, mingine inakua mwaka mzima, mingine inaweka miduara miwili mvua mbili. Kijana anaangalia video, anatafuta duara kwenye mti wake, halioni, anaanza kuchonga mgongo kwa kubahatisha, na uta unakatika, anasema miti ya Afrika haifai. Hapana! Mti unao tayari mgongo uliokamilika, ni ule uso laini ulio chini ya gome. Huo ni tabaka moja zima, halijakatwa hata uzi mmoja. Babu yako alibandua gome akaacha mgongo jinsi Mungu alivyouumba, akachonga tumbo tu. Ndo maana ulikaa miaka.

Kwahiyo kata kijiti kizima, wakati wa mvua gome linatoka kwa mkono kama ganda la ndizi, kiangazi utalitoa kwa ubapa wa kisu butu, taratibu. Panga lisiguse mgongo. Hata msasa mkali usipite. Palipo na jicho la tawi acha kilima chake kama kilivyo, usikisawazishe, na upana wa uta pale uongeze kidogo. Kazi yote ya tezo, randa na tupa iende upande wa tumbo na mbavuni.

Na neno uta lenyewe ni la kale sana kwenye lugha zetu za Kibantu, Wakikuyu jirani zako nao wanasema ũta. Watu hawabebi neno miaka yote hiyo kwa kitu ambacho hawana mti wa kukichongea.

Shikamoo fundi. Mimi ni mkulima wa Njombe, nina mianzi ya ulanzi mingi tu nyuma ya nyumba. Naweza kupata uta humo? Nilijaribu mara moja, ukaliwa na wadudu ukawa unga.

Marahaba. Una bahati wewe, mwanzi wa ulanzi una ukuta mnene hasa chini karibu na shina, sio kama ile mikubwa ya mtoni ambayo ndani ni bomba tupu.

Kwanza usichukue ule unaougema. Kile kichipukizi ulichokata ncha ili kitoe ulanzi hakitakuwa mti tena. Tafuta uliokomaa, miaka mitatu kwenda juu, utaujua rangi imefifia, una madoa ya ukungu mweupe, magamba yameshaanguka na ukiugonga kwa kisu unalia kavu. Wadudu wanafuata wanga uliomo ndani, na ule unga uliouona ni mwanzi waliousagasaga. Kata kiangazi, alafu laza mianzi kwenye maji ya kijito wiki tatu nne, utanuka vibaya lakini wanga unatoka, ndo ukaushe kivulini umesimama.

Muundo rahisi usiohitaji gundi ni wa springi za lori. Umewahi kuangalia chini ya Fuso? Lile bamba refu juu, jingine fupi chini yake, jingine fupi zaidi. Fanya hivyohivyo: ubapa wa kwanza urefu wa sentimita 170, upana vidole vitatu katikati na kidole kimoja kwenye ncha, ganda la nje liwe mgongoni na usilikwaruze hata kidogo, maana nguvu yote ya mwanzi iko kwenye hilo ganda. Wa pili urefu theluthi mbili, wa tatu futi moja na nusu hivi. Vipange, vifunge kwa kamba iliyobana kweli katikati na sehemu nne tano. Ukiwa mlegevu unaongeza ubapa, ukiwa mgumu unachomoa. Mwanzi mbichi usiufunge hivyo, ukikauka unasinyaa na kamba zote zinacheza.

Assalaam aleikum. Niko Kisauni, Mombasa. Nimechonga uta wa mvinje, mwezi wa kwanza mzuri, sasa hata ukitoa kamba umebaki umepinda kama mtu anayerukuu na mshale hauendi mbali. Rafiki yangu aniambia nijaribu mkoko, kwa vile hauozi. Kweli?

Waaleikum salaam. Uta wako umechoka tumbo, sio mgongo. Nyuzi za tumboni zimebanwa zikakaa hivyohivyo, na sababu kubwa ni maji. Huko pwani hewa imejaa unyevu, mti hata ukae miezi sita kivulini haukauki kama wa Dodoma au Nairobi, unafika mahali unagoma. Mti wenye unyevu ni laini, unapinda vizuri sana siku za mwanzo mpaka unafurahi, alafu haurudi.

Wazee walikuwa na dawa yake, kila kitu cha maana kilikaa juu ya uchaga jikoni, moshi na joto vinapita chini kila siku. Fanya hivyo, uta uliokwisha kuchongwa nusu uweke juu ya jiko miezi miwili, mbali na moto usije ukapasuka. Baada ya hapo kuna hatua moja inaokoa sana nyuta za pwani, kuchoma tumbo. Washa makaa, yakishakuwa mekundu bila moto wa kuruka, ulaze uta tumbo likiangalia makaa, kama shubiri moja juu, umeufunga kwenye ubao ulionyooka ili ule upindo urudi. Sogeza polepole mpaka tumbo liwe rangi ya kahawa ya maziwa, mgongo usibadilike rangi kabisa. Ukifika mahali huwezi kuweka kiganja mgongoni, umezidisha. Uache siku tatu nne kabla ya kuugusa, maana moto umetoa maji yote na ukiuvuta papo hapo utakatika. Mwisho paka mafuta ya nazi au vanishi, rudia kila baada ya muda, na kila ukimaliza kurusha toa kamba. Kila siku. Uta uliolala na kamba ni uta unaokufa taratibu.

Mkoko sikushauri. Ule mti umejenga nyumba za pwani yote na boriti zake zimevuka bahari kwa majahazi mpaka Uarabuni, sifa zake nazijua, lakini ufuo wako unaushikilia huo mti na kuukata kuna vibali. Tafuta mkwaju, Mombasa mikwaju haijaisha.

Habari. Mimi ni mama wa mtoto wa miaka 10, tupo Arusha. Tangu awaone Wahadzabe kwenye safari ya shule analilia upinde. Nimwache?

Mwache mama, ila uwe wake kweli, sio wa mtu mzima uliokatwa. Kijiti cha mpera au mkole unene wa kidole gumba cha mguu cha baba yake, urefu umfike mtoto kidevuni au puani, uzito wa kuvuta pauni 10 mpaka 15. Utapima kwa ile mizani ya ndoano ya wauza samaki, kilo 5 au 6 hivi inatosha. Mishale ya matete, na badala ya chuma mbele funga donge la kitambaa au gome. Sheria tatu tu nyumbani: haurushwi juu hewani, haurushwi kukiwa na mtu au mnyama mbele au ubavuni, na haurushwi mtupu bila mshale, kwa sababu nguvu ambayo ingeondoka na mshale inarudi kwenye mti na kuuvunja.

Na muonyeshe picha za Shehzana Anwar wa Kenya, aliyepeperusha bendera ya nchi yake kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio 2016, mpiga mishale. Uta wake ni wa kisasa, sio wa kijiti, lakini binti au kijana akiona kwamba mshale unaweza kukufikisha huko anashika kwa heshima nyingine.

Fundi, tunang'oa mibuni mizee hapa Karagwe, miti migumu ajabu, inatia uchungu kuichoma. Tatizo hakuna kipande kilichonyooka kinachozidi mita moja. Kuna namna?

Ipo, na umenifurahisha. Ukipata vipande viwili vya sentimita 90 kila kimoja, unaviunga katikati kwenye mshiko, pale ambapo uta haupindi. Vitoke mti mmoja kama inawezekana, au vikaribiane uzito. Kimoja unakichonga mdomo wa samaki, kingine ulimi wa kuingia humo, urefu wa maungio sentimita 10, vishikane bila mwanga kupita. Hapa usitumie gundi nyeupe ya maji ya mafundi samani, nunua epoksi ile ya vitubu viwili, na usiibane mpaka gundi yote ikatoka, inataka unene kidogo. Baada ya siku mbili zungushia uzi mgumu na gundi juu yake.

Sijui kwa nini mibuni inadharauliwa hivi. Mtu ameilea miaka 40, imesomesha watoto, ikizeeka inakuwa kuni za siku tatu.

Kuchonga sasa, na hili ni kwa wote mnaouliza kwanini uta unapinda upande mmoja. Unene ndo mfalme. Ukipunguza upana nusu, nguvu inashuka nusu, hilo kila mtu anaelewa. Lakini unene ukiupunguza sehemu moja tu ya kumi, nguvu inashuka zaidi ya robo! Ndo maana watu wanapita na randa mara tatu wakidhani ni kidogo, wanakuta uta umekuwa fimbo ya kuchungia mbuzi. Ukishakaribia weka randa chini, shika kipande cha kioo kilichovunjika au mgongo wa kisu, kwaruza mara 20, vuta polepole mara 30 mti ujue kazi yake mpya, angalia, piga picha na simu uone mkunjo kwa utulivu. Panapopinda kupita kiasi usipaguse kabisa, kwaruza palipo pagumu. Na usiuvute hata siku moja kuzidi uzito unaoutaka mwishoni: kama unataka pauni 40, yaani kilo 18, mizani ikifika 18 simama, hata kama kamba imesogea shubiri moja tu. Kwaruza, rudia. Inachukua siku nzima, wakati mwingine mbili. Urefu nao usiubane, kwa mvuto wa sentimita 70 uta usipungue 170, mfupi utatamanisha lakini utakatika.

Naomba kujua kamba nzuri ni ipi na sumu ya mishale wanatengenezaje, nataka kujaribu digidigi huku Kilifi.

Kamba nakujibu. Nailoni ya mshipi inavutika kama mpira, mshale unachelewa, tafuta uzi wa poliesta wa kushonea viatu au wa nyavu, nyuzi 12 mpaka 16 usokote pamoja, pakaa nta ya nyuki. Wahadzabe wanatumia ukano wa wanyama na wako sahihi, ila unyevu wa Kilifi utaulegeza. Katani safi inafaa kwa uta mwepesi, na mkonge pori, ile mimea ya majani makali yenye mabakamabaka, imetengenezewa kamba za nyuta Afrika tangu zamani.

Ya pili sikujibu na naomba usitafute kwingine. Kenya uwindaji umefungwa tangu 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ina adhabu nzito, na sumu ile inasimamisha moyo wa mtu kama inavyosimamisha wa mnyama, mtoto anaweza kushika mshale uliouweka juu ya kabati akajikwaruza tu. Tanzania pia bila kibali huwindi. Jaza gunia matambara ya nguo kuukuu, ulishindilie, ulitundike mbele ya kichuguu au ukuta wa udongo. Mi gunia langu la mahindi lina miaka miwili na bado sijachoka kulipiga.

Salaam kutoka Texas. Nimehamia huku kwa kazi, jirani amekata mti wa uzio, mbao njano kali, matunda kama machungwa ya kijani yenye makunyanzi. Mzee mmoja kaniambia ndo Osage. Kanipa magogo mawili bure! Nifanyeje, na nitasubiri muda gani?

Ndo wenyewe! Asili yake ni hukohuko bonde la Red River, Wafaransa waliuita bois d'arc, mti wa uta, kwa kuwaona wenyeji wakichonga. Kabla ya waya wa miiba kuenea miaka ya 1870 wakulima walikuwa wanaupanda kama ua wa kuzuia ng'ombe, kwahiyo umejaa kwenye mipaka ya mashamba, watu wanauchukulia kama sisi tunavyochukulia minyaa.

Wewe sasa ndo ufuate zile video, sio maneno yangu ya kwa Makueni. Leo hiihii paka rangi nzito au gundi kwenye vichwa vyote viwili vya gogo, maana maji yanatoka haraka huko na mpasuko unaanzia huko. Pasua kwa kabari magogo yawe robo robo. Toa gome na ule mti mweupe wa nje, wadudu wanaupenda sana huo mweupe, mpaka ufike kwenye njano, uchague duara moja nene la mwaka na ulifuate kwa kisu cha mikono miwili kutoka ncha mpaka ncha bila kulitoboa. Mwanga wa pembeni unasaidia, utasikia hata sauti ya kisu inabadilika ukiingia kwenye lile tabaka lenye vitundu, linakwaruza. Ukishalipata lipake gundi upya mgongo mzima, weka kivulini, pasipo sakafu ya udongo.

Muda sikutajii miezi maana kila kijiti kina yake. Nunua mizani ya jikoni, pima, andika kwa penseli kwenye kijiti chenyewe na tarehe, rudi wiki ijayo. Kinapoacha kupungua wiki tatu mfululizo kimefika pale ambapo hewa yako inaruhusu, chonga. Mi hapa nina mkwaju niliouanika mwezi wa nne, Jumapili iliyopita ulikuwa gramu 1,840, leo asubuhi 1,835. Bado.